Mgao wa Mvua

Mimi ni mtu wa kusoma karatasi mara mbili kabla sijatia sahihi. Shule niliiachia darasa la nne, lakini hayo manne niliyashika vizuri, na watu wanajua. Ndiyo maana akina mama ninaouza nao mboga kando ya Waiyaki Way, karibu na Kangemi, walinichagua mimi niwasemee mjini.

Tulikuwa na neno moja tu: choo. Soko letu halina. Ukibanwa, unavuka barabara mpaka kituo cha petroli kuomba, na wale wa pampu wana siku zao za huruma na siku zao za kukutazama kama mbwa. Aliyeteseka zaidi ni mwenzetu wa viazi, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Mama, mimi siku hizi sinywi maji mpaka nifike nyumbani," aliniambia. "Ukifika huko, nitaje."

Nikamwambia, "Nitakutaja."

Mkutano wenyewe ulikuwa wa kaunti, ile mikutano ya wananchi kutoa maoni. Kila kundi msemaji mmoja, na msemaji anasimama mara moja tu. Siku moja kabla, mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo kikuu, alinituma River Road nimchukulie karatasi kwa mtu wa kuchapisha.

"Shosho, ziko mbili. Moja ni ya mkutano wako. Hiyo ingine ni yangu."

Yake ni ya nini, sikuuliza. Tulikuwa tumekosana. Yeye huandika hadithi za nyakati ambazo bado hazijafika, magari yanayojiendesha, watu wanaohamia angani, nami nilikuwa nimemwambia mbele ya wageni kwamba huo ni uongo uliopigwa pasi.

Nilizisoma zote mbili mezani, kidole kwenye mstari. Ya kwanza ilikuwa Kiingereza kigumu na majedwali, sikuambulia kitu. Ya pili ilikuwa Kiswahili safi. Nikadhani ile ya kwanza ni yake ya chuo, na hii ndiyo ya mkutano, wameiandika kwa ajili ya watu kama mimi. Ilisema serikali imenunua mitambo ya kuswaga mawingu kutoka Ngong, na sasa mvua itagawanywa kwa mitaa. Woodley siku nne kwa wiki. Mountain View siku mbili, tena alfajiri. Kila paa litafungwa mita.

Utaniuliza, mama mzima, uliaminije? Mimi naishi Mountain View. Maji ya mfereji hunijia Jumanne na Ijumaa, yakikumbuka. Barabara ya nyuma ya nyumba yangu imezinduliwa mara tatu, kwa ngoma na utepe, na lami haijaiona. Mtu aliyeona hayo, mgao wa mvua utamshtua kwa nini? Kilichonichoma ni Woodley kupewa nne.

Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasahau choo. Sitadanganya, sikusahau. Nilikiweka kando, nikasema kitangoja, hili ni kubwa.

"Nataka kujua," nikasema, "ni nani aliyewapa Woodley mvua siku nne na sisi mbili?"

 Bwana wa kaunti aliyekuwa mbele, mwenye kipaza sauti, hata hakukunja uso. "Mama, hiyo ratiba bado ni rasimu. Maoni yako yamechukuliwa."

Hapo moto ukawaka. "Rasimu gani? Mbona hatukuambiwa?" "Woodley tuna miti, lazima tupewe!" akapaza sauti mama mmoja wa huko. "Kuleni hiyo miti!" akajibiwa. Mzee mmoja akasimama juu ya kiti akiuliza Westlands wamepewa ngapi, kwa sababu hao hawakosi.

Mjukuu wangu alikuwa ameketi kando yangu. Alinivuta sketi. "Shosho, keti. Hiyo ni hadithi yangu."

Nilimsikia vizuri, masikio yangu hayana shida. Ningesema neno moja, nimekosea, na pengine wangenipa nafasi niseme la choo. Lakini mtu wa nyuma akauliza, "Mama, hayo umeyatoa wapi?" Nami, niliyemwita mtoto wa watu mwongo mbele ya wageni, niliinua zile karatasi juu nikasema, "Yameandikwa hapa."

Mkutano ulivunjika kwa kelele. Njiani kurudi mjukuu wangu hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Sokoni walinipokea kwa vigelegele. "Simba wetu! Umewatoa jasho!" Nyumbani, jirani yangu alikuwa amepanda ngazi kung'oa mifereji ya paa lake, ili mita ikija isipate cha kupima. Nilipita chini ya ngazi ile nikamsalimia tu, habari ya asubuhi, nikaenda zangu. Siku nne nilikula sifa ambazo hazikuwa zangu, na kila mara mama wa viazi alipovuka barabara, mimi nilipanga sukuma wiki zangu upya.

Siku ya tano niliwaita wenzangu wa sokoni nikawaambia yote. Walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya kabichi zake. Mama wa viazi hakucheka.

"Kwa hivyo hukunitaja."

"Sikukutaja."

Alikuwa na chupa ya maji mkononi, imejaa. Akaifunga vizuri, akairudisha chini ya meza.

Jirani nilimwambia jioni hiyo. Mifereji ameirudisha, salamu bado. Halafu niliandika barua kwa kaunti kwa mkono wangu, mjukuu akanisomea kwa sauti nisikie kama imenyooka.

"Shosho, hapa umeandika 'nilikosea' mara tatu."

"Iache. Na ile hadithi yako, nilikuita mwongo. Mwongo ni mimi."

 Aliirudia barua kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayesoma kitu cha kweli.

Nimeipeleka, wakaigonga muhuri. Jibu halijaja. Kwa sasa mama wa viazi akibanwa, hukohoa tu. Naacha sukuma zangu, tunavuka barabara pamoja, na anayewaomba wale wa pampu ni mimi.