Nola Trezise Achagua Mwenyewe pa Kuzeekea

Nola Trezise aliendesha basi la shule hapa Wallaroo kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo alichelewa mara mbili tu: mara moja kwa sababu ya mafuriko, na mara nyingine asubuhi iliyofuata harusi yake. Nusu ya watu wazima wa mji huu aliwabeba wakiwa bado wanafutwa makamasi. Kwa hiyo alipofikisha miaka themanini na mitatu, mjane, akiishi peke yake na kuku saba, hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba amezeeka.

Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na ua wa mbao tu. Asubuhi moja ya Agosti, baridi imekaza, niliona saa tatu inapita na mapazia yake hayajafunguliwa. Nikazunguka nyuma. Nilimkuta chali ndani ya banda la kuku, kofia ya sufu imemshuka hadi machoni, kuku mmoja amemkalia tumboni. Alikuwa hapo tangu saa kumi na mbili. Nilipomuuliza ameumia wapi, alisema kilichomuuma zaidi ni kukutwa hajachana nywele.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika na nyonga imevilia damu. Bintiye Glenys, mwalimu wa Adelaide, alifika hospitalini siku hiyohiyo. Kaka mtu, Lyall, fundi wa mitambo ya migodini huko Perth, upande wa pili wa nchi, hakuweza kuja, akawa anapiga simu kila saa. Lyall ni mtu ambaye akisikia tatizo hawezi kulala mpaka alimalize. Kufikia siku ya pili alikuwa ameshapata makao ya wazee ya kifahari Adelaide, yenye bwawa la kuogelea na piano kubwa ukumbini. Amana ya chumba ilikuwa dola laki tano na nusu. Akasema nyumba ya Mama iuzwe haraka, na pengo watalijaza wao kwa mkopo.

Glenys alikuwa ameiweka simu kwa sauti ya juu, na Nola alisikia kila neno. Siku mbili nzima hakugombana na muuguzi hata mmoja, na sisi tunaomjua tukaanza kuogopa. Siku ya tatu aliniambia kwamba serikali itachukua nyumba, watoto watabaki na deni, naye atakufa akiwa mzigo. Akasema ni heri nisingemwona bandani. Mimi mwenyewe sikujua chochote. Sisi watu wa huku ukituuliza bei ya shayiri tutakutajia hadi senti. Gharama ya kuzeeka hatuiulizi, tunaiogopa tu.

Hospitali ilimwombea afisa wa tathmini, aje nyumbani kumwangalia anahitaji msaada gani. Nola, alipokwisha kurudi kwake, aliamua kumshinda huyo afisa. Alioka pai za nyama na viazi kwa mkono mmoja, akapiga sakafu nta, akaficha fimbo yake ya kutembelea nyuma ya friji. Gari likasimama, akashuka mwanamke wa makamo mwenye faili kwapani.

"Kerrin Daddow," Nola alisema mlangoni. "Si wewe niliyekushusha basini ukatembea kilomita mbili?"

"Ndiye mimi, Bi Trezise. Nilikuwa nimemtemea mtu mate."

"Basi umekuja kulipiza."

"Leo nimekuja kunywa chai. Kulipiza tutapanga siku nyingine."

Kerrin alikaa karibu saa mbili, na huduma hiyo ilikuwa bure. Aliuliza anaogaje, nani anapika, dawa anakumbuka kuzinywa. Nola alijibu kama msichana wa miaka ishirini. Ndipo Kerrin akamwomba anyanyuke kitini bila kushika kitu. Nola alijaribu mara tatu. Baada ya hapo alibaki ameketi, akatazama dirishani.

"Nyumba mnaichukua lini?" aliuliza.

"Nani anaichukua?"

"Serikali."

"Bi Trezise, serikali haina shida na nyumba yako. Ingewaweka wapi kuku wako?"

Kisha akamweleza taratibu, huku akila pai. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kubaki nyumbani na kuletewa msaada: mtu wa kukuogesha, wa kufanya usafi, wa kukupeleka kwa daktari, fundi wa kufunga vyuma vya kushikia bafuni. Sehemu kubwa hulipwa na serikali, ila foleni yake ni ya miezi. Ya pili ni makao ya wazee. Huko kila mtu hutoa ada ya siku kwa chakula, kufuliwa na umeme, nayo hupimwa kwa pensheni ya uzeeni: katika kila dola mia za pensheni ya msingi, themanini na tano huenda huko. Gharama ya uuguzi serikali hubeba sehemu kubwa, na mwenye kipato zaidi huongeza chake. Kinachobaki ni chumba. Chumba unaweza kukiwekea amana, au kukilipia kwa siku kama kodi ya nyumba, au kuchanganya. Asiye na uwezo husaidiwa kukilipia. Na nyumba ya mtu, hata ikihesabiwa kwenye mali yake, huhesabiwa mpaka kiwango fulani tu.

"Hiyo amana," Nola alisema, "ikishaingia imekwenda?"

"Inarudi. Ukiondoka unarudishiwa. Ukifa wanarudishiwa wanao."

Aliuliza hivyo mara tatu, kwa maneno tofauti, kama anayemtega mtoto anayedanganya. Alipopata jibu lile lile mara zote tatu, aliniomba nimtolee fimbo nyuma ya friji.

Kesho yake alinunua daftari. Alimpigia simu afisa wa serikali anayewafafanulia watu mambo ya fedha bila malipo, akazungumza naye zaidi ya saa nzima, akimrudisha nyuma kila aliposema neno gumu. Alipokata simu alikuwa amejaza kurasa sita. Jioni aliwapigia wanawe wote wawili na kuwaambia kwamba hakuna atakayeuza wala kukopa chochote mpaka yeye ameona kwa macho yake.

Dereva nikawa mimi, jambo lililomkera sana, hasa nilivyokuwa nakata kona. Tulizunguka makao matatu. Tulipiga simu asubuhi na kufika saa sita, kwa makusudi, ili tukute chakula mezani. Nola alifungua daftari akauliza maswali yale yale kila mahali. Katika bei hii kimo nini, na kipi kinalipiwa pembeni? Bei hupanda kila baada ya muda gani? Miguu yangu ikikataa kabisa, nitabaki hapa au nitahamishwa? Wahudumu ni wangapi kwa zamu? Mwisho aliomba aingizwe chumba kisicho na mtu, akabonyeza kengele ya kuita mhudumu, akatazama saa.

Kwenye ile nyumba ya kifahari ya Adelaide tulingoja dakika kumi na tisa. Piano ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Ya pili ilikuwa nzuri lakini haikuwa na nafasi. Ya tatu, Nyumba ya Penrose, iko Kadina, kilomita kumi kutoka kwetu: vyumba thelathini, mazulia yamechakaa, bwawa hakuna. Kabla dakika mbili hazijaisha mhudumu alikuja mbio na kijiko mkononi.

Hakutaka kuamua palepale. Alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba mzee anaruhusiwa kukaa kwa muda, kupumzika na kujaribu, kwa ada ile ya siku tu. Akaomba wiki tatu, akanikabidhi kuku, akanionya nisiguse kitanda chake, maana huenda angerudi.

Siku ya tano nilimkuta amevaa koti, mkoba mapajani. Alitaka nimrudishe. Macho yalikuwa mekundu. Alisema hapo watu wana wema mno, na hakuna hata mmoja wa kugombana naye. Nilimshawishi angoje walau Jumapili.

Siku ya kumi na mbili nilipofika niliambiwa nisubiri, Bi Trezise yuko kwenye karata. Alikuwa amekaa meza moja na Una Hocking, aliyekuwa akiendesha basi la njia ya Moonta. Wawili hao hawakusemeshana miaka ishirini kwa ajili ya sehemu ya kuegesha basi. Sasa walikuwa upande mmoja, wakiiba karata bila haya, na kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba haibi vizuri.

Wiki tatu zilipokwisha, Nola alisema anabaki. Lyall alipopata likizo alikuja kutoka Perth, akakagua chumba kile kidogo chenye dirisha linalotazama mashamba ya ngano.

"Mama, kule Adelaide kuna bwawa."

"Mimi najua kuogelea?"

"Hujui."

"Haya."

Akakaa kitandani, mwanamume mzima wa miaka hamsini na tisa, akaanza kuchezea zipu ya koti. "Nilitaka upate pazuri kuliko pote. Niko mbali, Mama. Nilidhani nikitoa pesa nyingi ni kama nimekuja."

Nola hakumcheka. Alimwekea mkono wake mzima begani. "Wewe nipigie simu kila Jumapili. Hilo hata ukitoa milioni, hakuna wa kulifanya kwa niaba yako."

Mkataba wa Penrose ulisomwa na wakili wa Kadina, kisha na Nola, neno kwa neno. Tangu siku ya kuingia alikuwa na siku ishirini na nane za kuchagua namna ya kulipia chumba, naye alizitumia zote, si kwa sababu ya shaka, bali kwa sababu ni haki yake. Alichanganya: nusu amana, nusu malipo ya siku. Nyumba iliuzwa kiangazi bila pupa, kwa muuguzi mwenye watoto pacha. Watoto wa Nola hawakukopa hata senti.

Hiyo ni miaka minne sasa. Nola ana themanini na saba na anatembea kwa kushikilia kigari cha magurudumu. Kila Jumatano baada ya chai huketi ukumbini, na watu huja kukaa naye: wake kwa waume walioshika vipeperushi, nyuso zimewaparama kwa hofu. Huwaambia mapema kwamba yeye si mtaalamu, huwapa namba ya simu ya yule afisa wa bure, kisha huwaandikia maswali yake.

Mwaka jana alikuja mkulima mmoja wa ngano, Kelvin Rodda, kofia mkononi. Baba yake hataki kusikia habari ya makao, na yeye ameshapiga hesabu zote.

"Umemuuliza anaogopa nini?" Nola alisema.

Kelvin hakuwa amemuuliza. Alirudi baada ya wiki mbili akiwa ameona haya kidogo. Mzee haogopi gharama wala serikali. Anaogopa kumwacha mbwa wake.

Nola alikwenda na kigari chake moja kwa moja hadi ofisini. Hata sijui walizungumza nini humo ndani, lakini Mzee Rodda alihamia mwezi uliofuata, na mbwa, dume kubwa lenye sikio moja, huletwa kila Alhamisi. Una Hocking anadai linamwibia biskuti. Nola anasema Una hula biskuti zake mwenyewe halafu anasahau, na ubishi huo bado unaendelea.