Nilizipiga pasi noti za plastiki za mahari, mjomba wa Mbala akaja juu

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nianze na kosa lenyewe ili msihangaike kulitafuta: nilizipiga pasi hela. Noti za plastiki. Kwa pasi ya mkaa. Na zilikuwa hela za mahari.

Haya yamenitokea mwenyewe. Anayedhani natunga aje Sumbawanga nimwoneshe noti moja niliyobakiza. Imejikunja, imekuwa ngumu kama ukucha.

Mimi ni fundi redio. Nilijifunza mwenyewe kwa kufungua redio ya baba na kushindwa kuifunga. Nina ugonjwa mmoja: siwezi kuvumilia kitu kilichopinda. Kola, bisibisi mezani, hata noti. Noti yenye makunyanzi inaninyima raha kabisa.

Kwa hiyo tangu nianze kushika hela zangu nilikuwa nazinyoosha. Nanyunyiza maji kidogo, naweka gazeti juu, napitisha pasi. Shilingi inatoka kama imetoka benki leo. Hakuna aliyenifundisha, na kwa bahati mbaya hakuna aliyenikataza.

Sasa nikapata mchumba, Yustina, binti wa kijiji cha Mwimbi. Kwao wakakaa kikao, wakapanga mahari: shilingi kwa wazazi, na sehemu ya mjomba.

Mjomba Lazaro, kaka wa mama yake, anaishi ng'ambo ya mpaka, Mbala, Zambia. Akasema yake iletwe kwa kwacha, hataki kusumbuana na wabadilisha fedha. Na kwao mjomba asiporidhika, hakuna ndoa. Padri atatangaza kanisani mpaka sauti imkauke.

Nikapanda gari hadi Kasesya, mpakani. Wakati huo Zambia ndiyo kwanza wametoa noti za plastiki. Kijana wa kubadilisha fedha akanipa bunda zima la hizo hizo.

"Huna za karatasi?"

"Karatasi ya nini, mshikaji? Hizi hazichaniki, hazilowi. Unaoga nazo."

Kweli hazichaniki. Lakini jamani, zinaudhi! Ukizikunja zinafunguka. Ukiziweka mfukoni zinapanda juu zenyewe. Ukizihesabu zinateleza kama dagaa wabichi. Noti ya karatasi ilikuwa na ubinadamu: inachoka, inalegea, inashika harufu ya aliyeishika. Hii ya plastiki inakutazama tu na kile kidirisha chake kinachoona upande wa pili.

Mimi nilikuwa nimezifunga kwa mpira, zikashika umbo la mviringo. Nikawaza, hivi zitakaaje kwenye sahani mbele ya wazee? Zitaviringika mpaka mlangoni!

Jioni moja kabla ya safari nikaazima pasi kwa Baba Deo, jirani yangu fundi cherehani, ambaye pia ndiye alikuwa mshenga wangu. Hakuniuliza ya nini. Nikazipanga noti zote mezani, wale tai waliochorwa juu yake wote wakitazama upande mmoja, nikatandaza kitambaa juu, nikapitisha.

Nikasikia harufu. Nikadhani ni kitambaa.

Na kwa kuwa niliona bado hazijalala vizuri, nikakandamiza zaidi.

Sitaki kueleza nilivyojisikia nilipofunua. Baba Deo alikuja kuchukua pasi yake, akasimama mlangoni.

"Umekaanga nini humu?"

Nikamwonesha.

"We kijana! Nailoni unaipiga pasi ya mkaa? Si ungeniuliza hata mimi ninayeunguza magauni ya watu!"

Akanishauri tuseme kwacha zilikosekana, tumpe mjomba shilingi za thamani ile ile. Ushauri mzuri. Ila mimi uongo unanitoa jasho, mtu anaujua kabla sijaumaliza. Nikachukua shilingi, na zile zilizoungua nikazitia mfukoni.

Mwimbi tukapokelewa vizuri. Wazee wameketi, Yustina yuko chumba cha ndani na shangazi zake. Ya wazazi ikapita. Ikaja ya mjomba. Baba Deo akaanza, "Mzee wetu, kwacha mpakani safari hii..." Mimi nikaona siwezi. Nikatoa zile noti, nikazimwaga kwenye sahani.

Mjomba akaokota moja, akaigonga kwenye kiti. Ko, ko.

"Hizi ni nini? Maganda ya karanga?"

"Ni kwacha, mjomba. Nilizipiga pasi."

"Ulizipiga nini?"

Chumba cha ndani nikasikia mtu anacheka. Namjua anavyocheka. Ni yeye.

"Hata zingekuwa nzima nisingezipokea!" mjomba akafoka. "Nilisema kwacha, sikusema mfuko wa rambo! Mke wangu alifunga moja kwenye pindo la kitenge, ikachomoka njiani, tukala mboga bila chumvi. Kwacha ni ile ya karatasi. Ukiikunja inatulia."

Bibi yake Yustina, ambaye ndiye mama mzazi wa mjomba, akadakia.

"Na hiyo karatasi nayo ni hela, Lazaro? Baba yako alinioa kwa majembe. Jembe panya hali, na huyu mwendawazimu hawezi kulipiga pasi."

"Mama, mambo ya majembe ya zamani."

"Na karatasi zako je, si za zamani? Mbona unazililia?"

Wakuu, wakazozana mama na mwana kuhusu hela ipi ni hela, na mimi niko katikati, suruali imenyooka, ndoa imepinda. Baba Deo anatazama dari.

Mwisho bibi akaamua: nilipe faini ya jembe, mjomba apokee shilingi na anyamaze. Mjomba akanuna, akakubali. Lakini jembe lije kabla watu hawajatawanyika.

Nikakimbia dukani. Nikachagua, nikarudisha, nikachagua jingine, nikalifuta mafuta kwa leso yangu mpaka likang'aa. Bibi akaligonga kwa kidole.

"La wapi hili?"

"China, bibi."

"Linalia kama sufuria." Akaguna. "Basi. Ndiyo hela mliyonayo."

Akaliweka chini ya kiti chake, na hivyo ndivyo nilivyopata mke.

Nilichojifunza: uliza kwanza ndipo upashe moto. Pia kila mtu ana hela yake anayoililia, hata hizi za plastiki kuna mtu ataziona tamu siku moja, ingawa sitakuwa mimi. Aliyewahi kuharibu kitu cha ukweni kwa kutaka kiwe kizuri kupita kiasi asinipite kimya, aseme na yeye.

Siku hizi hela anatunza Yustina. Anazikunja mara nne, anazifunga kwenye pindo la kitenge, na mimi sizinyooshi tena.