Homa ya Laptopu ya Mwalimu

Nina kasoro moja kubwa kwa mtu wa kazi yangu: sipendi kupiga upya. Mafundi wenzangu pale mtaa wa Usagara, kompyuta ikiwasumbua nusu saa tu, wanafuta kila kilichomo, wanaweka mfumo mpya, wanamrudishia mwenyewe ikiwa safi na tupu, na mwenyewe anashukuru. Mimi siwezi. Ikizima, nataka kujua imezima kwa nini. Ikigoma, nataka kujua imegomea nini. Ndiyo maana kazi zinarundikana mezani kwangu, na ndiyo maana mume wangu husema kwamba kuoa alinioa yeye, lakini naishi na bisibisi.

Ubishi huohuo ndio ulionipeleka kwenye Linux, mfumo wa kompyuta usiomficha fundi kitu. Kompyuta ya Linux ikiumwa haikuonyeshi picha ya kukuomba radhi. Inakumwagia maneno meupe kwenye skrini nyeusi, mstari juu ya mstari, kama mama mkwe aliyekaa na jambo lake moyoni mwaka mzima. Wateja wanaogopa wakiyaona. Mimi navuta kiti, kwa sababu ukiwa na subira ya kusoma, mara nyingi jibu limo humohumo.

Wengi niliwawekea Linux baada ya kuchoshwa na virusi vya kwenye flashi. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye maneno ya haraka na macho ya kukagua madaftari. Alinijia dukani asubuhi moja, laptopu yake imeviringishwa kanga, ameipakata kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii Linux yako imenichukia."

Linux yako! Ikifanya kazi ni yao, ikiharibika ni yangu. Nikaiwasha. Maneno meupe yakaja, yakasimama: mfumo umeshindwa kuendelea, diski ina majeraha, itengenezwe kwa mkono.

"Imeanza lini?"

"Leo."

"Leo tu?"

Akatazama barabarani. "Ilikuwa inazima. Inazima yenyewe, naiwasha, inazima tena. Nikasema itachoka, itaacha."

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Na Idi ya kuchinja ilikuwa imeshapita! Nikapandisha sauti, sifichi. Kompyuta inayozimwa kwa kukatwa pumzi, mara kwa mara, huku inaandika, lazima ifike siku diski ishindwe kujua kipi kiko wapi. "Miezi yote hiyo unainyamazia? Mwalimu, mficha uchi hazai!"

"Mimi nimezaa watano," akanijibu. "Wewe tengeneza."

Wateja wengine waliokuwa benchini wakacheka. Nilikuwa na joto, nina kazi nne mezani, na yule mama kanishinda kwa neno moja mbele ya watu. Ndipo nikasema kitu ambacho huwa sisemi: "Basi hii pengine niipige upya tu."

Akaweka kiganja juu ya laptopu, akakikandamiza.

"Humo yumo mama yangu," akasema.

Nikazima feni ya mezani nimsikie vizuri. Mama yake alikuwa bibi wa zaidi ya miaka themanini, Mmtang'ata wa asili. Mwaka mzima Mwalimu alikuwa akikaa naye jioni na kumrekodi: namna walivyokuwa wakianika ukindu na kusuka mikeka, maneno aliyokuwa akiambiwa mwari, nani kamzaa nani, yote kwa Kimtang'ata, kile Kiswahili cha zamani cha pwani yao, ambacho wajukuu wakikisikia wanacheka. Alirekodi kwa simu, anahamishia kwenye laptopu, anafuta kwenye simu kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Kisha bibi akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na kauli ikaondoka.

"Anasikia, anaelewa, lakini hasemi. Na sauti yake sina mahali pengine popote. Fundi niliyempitia kwanza leo aliniambia atapiga upya. Nikaichukua nikaondoka."

Nikaona haya. Nikamwambia aniachie, na kwamba sitafuta hata herufi moja.

Kanuni yangu katika mambo haya ni kwamba kidonda hakiguswi kabla ya kunakili diski yote, palipo pazima na palipo pabovu, kwenda kwenye diski nyingine. Matengenezo yafanyike kwenye nakala. Ningeweza kuichomoa diski nikaisomea kwenye kompyuta yangu, lakini ile ilikuwa laptopu ndogo ya aina ambayo diski yake imechomelewa kwenye bodi. Lazima inakiliwe ikiwa humohumo. Nikaiwasha kwa Linux niliyonayo kwenye flashi, nikaunganisha diski yangu ya nje, nikaanza kunakili. Dakika ya kumi: tap! Giza.

Nikashuku chaja. Nikabadilisha, ikazima. Nikashuku betri. Nikaitoa, ikazima. Nikashuku ile Linux ya kwenye flashi, nikaleta nyingine, ikazima. Nikaitukana ile laptopu, kisha nikastaghfiru, nikaenda kula.

Niliporudi nikaiwasha, na hapo nikaona kitu kilichonifanya nisahau hasira zote. Ilidumu robo saa. Nikaiwasha tena palepale ilipozima, ikadumu dakika tatu. Nikaiacha ipumzike nikihudumia mteja mwingine, ikadumu kumi. Aa! Kitu kinachopata nafuu kikipumzika kina homa. Nikafungua dirisha dogo la kusomea joto, nikakaa kulitazama kando ya kazi ya kunakili. Sabini. Themanini na tano. Tisini na sita. Tap!

Nikashika bisibisi.

Kwenye matumbo ya kompyuta za mji huu nimeshakuta mengi. Nimekuta vumbi la saruji, chumvi ya pwani iliyokula nyaya, nyuzi za mkonge, mende na watoto wake. Feni ile ilikuwa na kitu ambacho sijakikuta popote. Mapanga yake yamepakwa utando wa rangi ya kahawia, unanata, na vumbi limeganda juu yake mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi. Pale hewa moto inapotokea hapakupita hata ukucha. Nikagusa, kidole kikabaki. Nikanusa. Nikanusa tena.

Jirani yangu muuza vitambaa akapita mlangoni, akasimama. "Leo kwako kuna harusi?" akaniuliza.

Ulikuwa udi. Udi na ubani, vimekolea kama vimechemshwa. Nikachukua simu.

"Mwalimu, samahani. Hii laptopu mnaifukiza?"

"Kila Alhamisi alasiri," akajibu, bila wasiwasi wowote. "Pamoja na nguo za Mama."

"Mnaiweka wapi?"

"Juu ya tenga, mwanangu, pamoja na nguo. Chetezo kiko chini."

"Ikiwa imezimwa?"

"Aka! Naiwasha kabisa, ipate kuvuta. Si ina feni?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaningoja nimalize, kama wanavyongoja walimu. Kisha akasema: "Nafukiza kitanda chake, nafukiza nguo zake. Sauti yake niiache inanuka vumbi?"

Kicheko kikanikatika. Nyumba niliyokulia mimi tulifukiza kila kitu, makabati, mapazia, nywele zetu wenyewe, na hakuna aliyewahi kuuliza moshi ule ukishanukia unakwenda wapi. Mwalimu alikuwa ameangalia vizuri kuliko mafundi wengi: ameona kwamba mashine inavuta pumzi, akaamua kuipa pumzi nzuri. Alichokosa kujua ni kwamba moshi wa ubani ukipoa unarudi kuwa utomvu.

Jambo lile liliniwasha. Kabla hata sijaisafisha ya Mwalimu, nikafungua kompyuta yangu mwenyewe, ile ninayoitumia kila siku, na ambayo Ijumaa huwa mezani wakati nafukiza duka. Utando ulikuwepo. Mwembamba, lakini upo, na unanukia. Mimi fundi, niliyemkaripia mtu mzima mbele ya watu! Nikaifunga haraka, nikatazama kama jirani ameniona.

Nikaisafisha feni kwa spiriti na mswaki, panga moja baada ya jingine, nikapaka dawa mpya ya kupitisha joto, nikafunga. Nikaanza kunakili. Joto likapanda mpaka sitini, likatulia. Alasiri niliisali pale dukani na moyo wangu, Mungu anisamehe, uko kwenye ile namba. Jioni kazi ikakamilika. Diski nzima iko salama, na vidonda vyake.

Kesho yake nikaanza kuitibu nakala. Chombo cha kutibu diski kwenye Linux kina adabu ya kuuliza: hapa pana kasoro, nirekebishe? Ndiyo. Na hapa? Ndiyo. Nikajibu ndiyo mpaka kidole kikachoka. Kilipomaliza nikaenda mbio kwenye folda ya Mwalimu aliyoiita "Mama". Tupu.

Nilianza kupanga maneno ya kumwambia, na kila nililolipanga nikaliona la kipumbavu. Kisha nikakumbuka kwamba diski ya Linux ina folda moja ambayo watu hawaifungui maisha yao yote, folda ya vilivyopotea vikaonekana. Chombo kikikuta faili lisilojulikana lilikuwa wapi wala linaitwaje, hakilitupi. Kinaliweka humo, na kulipa namba badala ya jina.

Nikaifungua. Namba, namba, namba, zimejaa skrini. Nikabofya mojawapo. Mtu akakohoa, kikongwe, akasafisha koo, akasema, "Haya, nianze?" Nikazima. Nilipiga yowe la furaha mpaka muuza vitambaa akaja kuuliza kama nimeumia.

Nilimwambia Mwalimu ukweli wote: sauti zimepona, majina yamekufa. Hakuna mashine itakayojua lipi ni la mikeka na lipi ni la mwari. Lazima mtu akae asikilize moja moja na kulipa kila faili jina.

"Basi njoo nyumbani," akasema. "Tutayapa majina pamoja na mwenyewe."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Bibi alikuwa ameegemezwa mito kitandani, mdogo, msafi, ushungi mweupe. "Shikamoo, bibi," nikasema. Marahaba haikuja. Akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto, akavishusha. Nikaweka laptopu ya Mwalimu, niliyokwisha kuirudishia faili zote, juu ya kigoda karibu na kichwa chake. Chetezo chenyewe, nilikiona, kilikuwa kimehamishiwa uani.

Mwalimu akakaa ukingoni mwa kitanda na daftari. Nikabofya namba ya kwanza.

Sauti ya bibi ikatoka, nzito kuliko nilivyotegemea. "Ukindu ukishauanika—"

"Mama, sogea karibu na simu," ilikuwa sauti ya Mwalimu, ndani ya laptopu.

"Ukishauanika, wauacha—"

"Siku ngapi, Mama? Sema siku ngapi."

"Si ndiyo nasema—"

"Haya, sema."

Bibi alikuwa amefungua macho yote mawili. Mwalimu akaandika jina kwenye daftari, akatabasamu kidogo. Nikabofya la pili. Bibi anaanza kueleza juu ya shangazi yake, Mwalimu anauliza shangazi yupi, bibi anajibu, Mwalimu anamkumbusha kwamba wiki iliyopita alisema vingine. La tatu hivyohivyo. La nne, bibi anasema maneno matano, binti yake anasema kumi. Nilijifanya nashughulika na waya wa chaja.

Kalamu ya Mwalimu ikasimama.

"Kumbe mimi sinyamazi," akasema. "Mwaka mzima. Nimefundisha watoto kunyamaza miaka thelathini, na mimi mwenyewe sinyamazi."

Nikabofya la tano. Likaanza kama yale mengine, la namna ya kuanzia ukingo wa mkeka. Mwalimu aliyekaa ukingoni akaanza kulia, sauti yake ikifunika ya Mwalimu wa kwenye laptopu, maneno yanamtoka mfululizo: "Mama, nisamehe, nilidhani nakusaidia, nilitaka uyaseme yote, sikujua kama ndio nayakata, Mama, unanisikia? Mama—"

Mkono wa kushoto wa bibi ukainuka kutoka kwenye shuka. Ulikuja polepole, ukapita mbele ya uso wa binti yake, ukatua mdomoni. Ukamziba.

Kwenye laptopu maswali yalikuwa yamekwisha. Labda siku ile Mwalimu alikuwa ameitwa mlangoni, sijui. Bibi alikuwa peke yake na simu, anaeleza kwa Kimtang'ata chake namna ya kukunja ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa, kwenye kona usifumuke, sentensi juu ya sentensi, bila mtu wa kumkata. Bibi wa kitandani alikuwa akimsikiliza, macho yako kwenye skrini, kiganja kiko mdomoni mwa binti yake, kimelowa machozi. Hakukiondoa mpaka faili lilipokwisha.