Soksi za Shokapu

Mtaani mume wangu anaitwa Kidole, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Ni fundi pikipiki, mwaka wa ishirini na mbili huu. Pikipiki ikisimama mbele ya banda lake, kabla ya salamu yeye huinama na kupitisha kidole kwenye nguzo ya shokapu ya mbele, pale inapozama kwenye mpira unaozuia mafuta, ule wanaouita sili. Kidole kikitoka kikavu, utasalimiwa. Kikitoka na mafuta, salamu utaisubiri mpaka kesho.

Mahubiri yake yalikuwa mafupi. Tope likikaukia kwenye nguzo linakuwa msasa, na kila ukipiga shimo linaukwangua mpira. Futa kila jioni kwa kitambaa laini chenye maji, mafuta ya taa usiyaguse, halafu utazame kama sili inavuja. Mafuta yakiachwa yatateremka mpaka kwenye breki, na breki iliyolowa mafuta haishiki. Waendesha bodaboda walimsikiliza kwa adabu zote, wakaenda zao bila kufuta. Mtu aliyeshinda juani hana hamu ya kuogesha chuma.

Akachoka kuhubiri, akaanza kubuni, na hapo ndipo naingia mimi, fundi cherehani. Aliniletea vipande vya tyubu kuukuu ya lori nimshonee soksi ndefu za kuzivisha zile nguzo ili tope lisifike. Nilimtania kwamba nimeshawavisha maharusi na maiti, zilikuwa zimebaki pikipiki tu. Aliniambia nibane juu na chini, isipite hata punje ya vumbi. Sindano tatu zilivunjika, nikaona fahari.

Za kwanza tulimvika kifungua mimba wetu, ambaye naye alikuwa mwendesha bodaboda. Baba yake alipiga kofi kwenye tangi na kumwambia, "Kuanzia leo kufuta basi. Sahau." Nilikuwepo. Kijana alicheka kama aliyefunguliwa minyororo, na ndani ya mwezi mmoja nikawa nimeshonea nusu ya kituo chao cha bodaboda.

Kisha mvua zikaja. Aliyewahi kushona koti la mvua anajua kwamba kila tundu la sindano ni mlango. Nilijua hivyo tangu ningali mwanafunzi wa cherehani, lakini sikuwaza. Maji ya tope yaliingia kwenye mshono, na kwa kuwa nilibana chini, hayakupata pa kutokea. Yakakaa humo wiki baada ya wiki yakizila sili, na mafuta yakavuja pasipo jicho wala kidole kuyafikia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe niliishona mimi.

Siku moja, saa nne asubuhi, kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto, breki ya mbele haikushika. Ya nyuma peke yake haikutosha. Mwanetu aliingia chini ya lori lililoegeshwa. Uti wa mgongo ulivunjika, na daktari alitueleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa, kwamba hatatembea tena.

Pikipiki ililetwa bandani. Mume wangu alifungua soksi, likamwagika tope jeusi lenye mafuta. Alichukua wembe, akaenda kituoni na kukata soksi zote, huku akiwaambia kwamba mpira wa soksi ulikuwa mbovu. Wengine walimlalamikia, maana walikuwa wamezizoea. Ukweli tunaujua wawili tu.

Kichwa nacho kiligonga lori, na pigo lile lilimfutia mwanetu kumbukumbu ya miezi yote ya karibuni. Hakumbuki soksi, hakumbuki mvua. Anachokumbuka ni mahubiri ya zamani. Alirudi nyumbani akiwa kitandani, na siku ya tatu, baba yake akiwa anamgeuza ubavu, akauliza ni nini kilichoharibika kwenye pikipiki. Baba akajibu kwamba sili ilivuja, mafuta yakafika kwenye breki. Jibu hilo lilikuwa kweli, na nilidhani ataendelea.

Machozi yalimtiririkia mwanetu sikioni, na mikono yake haikuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Sikufuta, baba," alisema. "Uliniambia miaka yote. Nisamehe."

Nilikuwa mlangoni na beseni la maji. Nilimtazama mume wangu, nikamwomba Mungu ampe ulimi. Alimaliza kumgeuza, akamnyooshea shuka, akamfunika miguu ile isiyosikia baridi.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema.

Kisha mwanetu akaniangalia mimi, akisubiri. Nikaliweka beseni chini, nikamwambia nami nimemsamehe.