Mpima Damu na Kikombe cha Mafuta

Yule mpima damu wa hospitali ya kifua mjini Sfax hukumbatia kwanza glasi ya chai mpaka viganja vipate moto, ndipo aguse mkono wa mtu. Bi Mabrouka, aliyekwisha kupona kifua kikuu, akamwuliza damu yake ya nini tena. Mpima akafumba ngumi, kidole gumba nje. "Kijidudu kimejipaka mafuta, bibi. Chembe ya mwili huyanyofoa, hufumbata mkia wa mafuta hayo hivi, huacha kichwa nje. Askari wa damu akikipapasa, humjua adui. Nataka kuona kama askari wako bado wanamkumbuka."

"Chukua! Wangu wakali."

Damu ilipozungushwa mashineni, maji yake yakawa meupe kama maziwa, hayafai kupimwa. "Bibi, umekula?"

"Sijala! Nimekunywa kikombe cha mafuta ya zeituni tu, kama kila asubuhi."

Benchi zima la wagonjwa waliongoja likaangua kicheko. Mabrouka akavuta shela, aende zake asirudi. Yule mpima akawageukia, sauti ileile ya chini: "Kosa ni langu. Nilimkataza chakula, sikumkataza mafuta."

Mungu amzidishie heri mpima huyo. Kesho yake mlango ulipofunguliwa ulimkuta Mabrouka nje, hata mafuta hajaonja, mkono wa nguo keshaukunja mwenyewe.