Vidole Vinne Juu ya Ekseli

Kilomita ishirini za mwisho Stanislas aliziendesha akiwa ameinamia upande wa kulia, kana kwamba mwili wake ungelisaidia gari kusimama wima. Kombi yake kuukuu ilikuwa imetoka Sandoa na magunia ya muhogo mkavu. Njiani ilipiga shimo, kitu kikalia chini kama kuni inayovunjwa, na tangu hapo ikalalia kushoto. Mjini Kolwezi aliuza muhogo, kisha akamuuliza mwanamke mmoja wa sokoni wapi angepata fundi.

"Enda Kapata, tata. Uliza Badibanga. Lakini fanya mbio, hataikala huku tena siku mingi."

Stanislas alikuwa amefika Ndola, Dilolo, Kananga, hata Luanda, na kila mahali aliacha deni dogo la urafiki na kuchukua maneno machache ya watu. Mtaa huo wa Kapata hakuwahi kufika. Alikuta nyumba za kampuni ya shaba zimepangwa mistari, zote kimo kimoja, na mbele ya nyingi kati yake vitanda na masufuria vimetolewa nje. Ilikuwa mwaka 1993. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa Katanga, hata wale ambao Kasai waliijua kwa masimulizi tu. Maelfu walilala kituoni wakingoja treni, na wengine, hasa wazee na watoto, walikuwa wakifia hapo hapo.

Badibanga alikuwa mmoja wa waliofukuzwa. Baba yake aliletwa kuchimba shaba. Yeye alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, akaingia gereji ya kampuni akiwa na miaka kumi na saba, na hakutoka humo kwa miaka ishirini na sita. Mke wake Mbelu alikuwa akifunga mizigo. Ukutani, kwa chaki, mtu alikuwa ameandika jina la mpangaji mpya.

Fundi hakuuliza habari za safari. Alichukua kijiti, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia kisha kushoto. Hakupimia chini, maana gurudumu lenye upepo mdogo humpotosha mtu. Kushoto kulipungua sentimita sita. Akakandamiza kona ya nyuma kwa mikono miwili na kuiachia. Gari likapanda na kushuka mara tano kabla ya kutulia.

"Resori imekatika. Na amortiseri zilikufaka zamani," alisema. "Nitatengeneza. Halafu utatufikisha Luiza. Shiye yote: mama yangu, bibi yangu Mbelu, batoto batano na mi."

Stanislas alikubali. Luiza ilikuwa mbali, ng'ambo ya Sandoa na Kapanga, lakini ilikuwa Kasai.

Resori za nyuma zilikuwa vyuma bapa vilivyolaliana kama kurasa, na cha tatu upande wa kushoto kilikuwa vipande viwili. Duka lenye chuma cha namna hiyo halikuwepo tena. Badibanga akavuka uani kwa jirani yake Ngoy, mtu wa Kabalo, kaskazini mwa Katanga, karani wa kampuni, ambaye kipikapu chake kilikuwa juu ya matofali tangu zamani.

"Unataka kukata motokari yangu miguu?" Ngoy aliuliza.

"Motokari? Ile ni nyumba ya kuku."

"Kuku nazo kampuni ilizipa nyumba? Uliza zenyewe kwanza."

Lakini alikuwa ameshashika spana. Walitoa vyuma viwili badala ya kimoja, kimoja kila upande, kwa sababu chuma kipya upande mmoja tu kingelilaza gari upande wa pili. Amortiseri, yaani shokapu, Badibanga alikuwa nazo, jozi iliyotoka kwenye gari jingine. Aliikandamiza moja kwa kifua hadi ikaisha, akapima urefu wake, akaulinganisha na nafasi iliyobaki chini ya gari ekseli ikiwa imepanda mpaka mwisho. Amortiseri ikiisha kabla ekseli haijagusa mpira wa kuizuia, itapasuka kwenye shimo la kwanza. Hizi zilibakiza upana wa kidole. Akazifunga.

Stanislas akaona kazi imekwisha. Gari lilisimama sawasawa.

"Bado," fundi alisema. "Motokari bule, bila batu, inasemaka bongo, inadanganyaka. Tuipime na batu ndani."

Wakaingia wote na mizigo. Stanislas alikaa kwenye usukani, Mbelu pembeni yake na mtoto mdogo, watoto wengine katikati. Ndaya, mama yake fundi, mwanamke mnene wa miaka sabini na kitu, alipanda mwisho kabisa, nyuma ya ekseli.

"Kampuni ilininenepesha," alisema akihema, "sasa inalalamika niko muzito."

Badibanga alilala chini na kuingiza mkono kati ya ekseli na mpira. Kanuni aliipata gerejini: vidole vinne. Shimo hula vitatu, cha nne ni cha Mungu. Sasa kiliingia kimoja tu.

Kitanda cha chuma kikashushwa. Ikafuata cherehani ya Mbelu, naye akaigeuzia uso. Magodoro. Gunia la unga. Kila kitu kiliposhuka mkono wa fundi ulirudi chini, mpaka akasema kwa sauti, "Ine! Bidole bine!" na kutoka amejaa vumbi, akicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ndaya alimtazama kupitia dirisha. "Na weye, mwana, unaikala wapi?"

Badibanga alikuwa amejisahau kwenye hesabu. Miaka ishirini na sita alikuwa amepima magari ya watu wengine, na mwenye kupima hakuwa abiria hata siku moja.

Ngoy alicheka, kisha akaacha. "Nitaingia mahali pako," alisema. Kwenye mizani ya hospitali ya kampuni yeye na Badibanga walikuwa wakipimwa siku moja kila mwaka, na kilo zao zililingana. Akajibana nyuma, karibu na mama mzee, katika nafasi ya mtu anayefukuzwa. Badibanga akalala tena chini. Viwili, na cha tatu hakikuingia.

Kwenye gari hapakubaki kitu cha kushusha isipokuwa watu. Ndaya akaanza kuteremka.

"Mama, rudi."

"Nilifikaka huku na treni, nitarudi na treni. Pima tena. Weko fundi ao hauko?"

Badibanga hakupima. Alibaki chini ya gari, na miguu yake haikusogea.

"Mama ataikala kwangu," Ngoy alisema, lakini alikuwa akitazama barabara, na kila mtu alijua mama huyo angekaa kwake siku ngapi.

Stanislas alifanya hesabu. Ekseli ikivunjika Kapanga, gari lingekuwa chuma chakavu. Mwenye kulifahamu zaidi alikuwa chini yake. Na yeye, Mlunda wa Katanga hii hii, hakuna ambaye angemfukuza Kapata. Akazima injini na kushuka.

"Unajua kuendesha?"

"Motokari zote za kampuni, mi njo mwenye nilikuwa ninazijaribu."

"Basi endesha. Mama akae mbele, springi za mbele ni nzima. Gari utaliacha misheni ya Luiza. Nitapanda lori, nilifuate."

Badibanga alitoka. Stanislas akamnyoshea ufunguo, naye akauchukua. "Na kama sitaliacha?"

"Utakuwa mwizi mwenye amortiseri nzuri."

Mbelu akahamia nyuma na mtoto, Ndaya akapanda mbele, Ngoy akashuka. Fundi alishika usukani, kwa hiyo Stanislas ndiye aliyelala chini safari hii na kusukuma vidole vyake mahali pale palipojaa grisi.

"Ngapi?" Ndaya aliuliza.

"Vinne."

"Bidole byako ni binene, tata. Hesabu tano."

Saa sita na nusu waliondoka. Mwisho wa mstari wa nyumba palikuwa na mtaro, na Stanislas hakutazama mikono iliyopunga madirishani, alitazama ekseli. Iliingia, ikapanda, ikashuka mara moja tu, ikatulia. Kombi ikakata kona kuelekea barabara ya Sandoa.

"Umekula?" Ngoy aliuliza.

"Bado."

Wakavuka ua kwenda kwa Ngoy.