Thabai za Kisiwani

Majirani zangu hapa mtaani Pioneer, Eldoret, wakija chai huniomba picha za kisiwa anakofanya kazi binti yangu, kule Uskoti. Wanaona mchanga mweupe, bahari ya kijani, kondoo, na nyumba kubwa ya mawe ya tajiri mwenye kisiwa chote, halafu wanasema, wueh, huyo ameomoka, umaskini umemtoka. Mimi nawaongezea mandazi. Nikifungua mdomo nitaharibu chai.

Nilimtembelea mwaka jana. Kazi yake ni kutembeza wageni na kuwaeleza historia ya mahali. Siku ya kwanza alinitembeza mimi peke yangu, upepo ukitaka kuning'oa kitambaa kichwani. Nyuma ya ufuo tukakuta kuta za mawe zisizo na paa, kijiji kizima. Nikauliza wenyewe wako wapi. Akanijibu kwa sauti ile ya kazini kwamba zamani watu walihama, wakaenda ng'ambo kutafuta maisha, ndipo kondoo wakaletwa.

Nikachungulia ndani. Thabai tele, yale majani yanayowasha, imenifika kiunoni.

Ngoja niseme kwa nini damu ilinichemka. Mama yangu alifukuzwa kwenye shamba la mzungu karibu na Turbo, nyumba ikachomwa chakula kikiwa motoni. Uzeeni alimpeleka huyu huyu binti yangu akamwonyesha pale, katikati ya mahindi ya watu, kichaka cha thabai. Thabai hupenda palipomwagwa jivu na samadi, alimwambia. Ukiiona imesongamana hivyo, jua palikuwa na boma. Mtoto alilia mpaka Eldoret. Leo anasimama kwenye thabai za wenzetu ananiambia walihama! Kweli mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nilimkaripia hapo hapo. Akakiri anajua walifukuzwa ili kondoo wapate malisho, kila mtu kisiwani anajua, lakini maneno ya kuwaambia wageni amepewa na tajiri, na nyumba anayolala ni ya tajiri. Nikamwambia shosho yake, mama yangu, hakumlea awe mwoga.

Kesho yake wageni wakaja, na tajiri mwenyewe akafuatana nao, mzee mpole mwenye fimbo. Mimi nikakaa nyuma. Tulipofika kwenye kuta, mama mmoja akauliza wenyewe walienda wapi. Binti yangu akanitazama mimi.

"Walifukuzwa, Mama. Walichomewa nyumba," akasema kwa Kiswahili, polepole.

Kisha akawageukia wale, akawaambia kwa Kiingereza kwamba walihama.

Tajiri akataka kujua alikuwa ananiambia nini. Binti yangu akasema alikuwa ananionya nisiguse majani, yanawasha. Wakacheka kwa upole, yule mama aliyeuliza akanishika mkono kunivusha. Ukweli wote alinipa mimi, niliyekuwa nao tayari.